Nta, Rangi na Riziki: Sayansi ya Batiki kutoka Abeokuta hadi Kidichi

Kidichi ni kijiji cha mashamba ya viungo katika kisiwa cha Unguja, kaskazini-mashariki ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ng'ambo ya Bububu. Watu wengi hukijua kwa mambo mawili. La kwanza ni hamamu iliyojengwa katika karne ya 19 kwa amri ya Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Shehrezade, aliyekuwa wa nasaba ya wafalme wa Uajemi. Kuta zake zimenakshiwa maua na majani ya lipu kwa mtindo wa huko. La pili ni mimea yake. Mgeni atembezwapo mashambani huonyeshwa mkarafuu, mdalasini, mpilipili manga, manjano, mhina na mzingefuri. Tunda la mzingefuri hupasuliwa, mbegu zake zikasuguliwa kidoleni, na mara kidole huwa chekundu kama damu.

Rangi hiyo hupendeza. Lakini hebu tuipake juu ya kitambaa cheupe cha pamba, tukifue mara tatu kwa sabuni na kukianika juani kwa juma moja. Wekundu utafifia sana. Tukichukua hina, ambayo hukaa kiganjani mwa bibi arusi kwa majuma kadhaa, tutaona ajabu nyingine: mkononi inadumu, ila katika pamba haishiki vema. Kwa nini rangi moja ipendelee ngozi na kuikataa pamba? Na kwa nini nyingine ikimbie jua?

Maswali haya yanaonekana kuwa ya mchezo, lakini si ya mchezo hata kidogo. Katika miji mingi ya Tanzania, Bara na Visiwani, wako akina mama na vijana wanaojipatia riziki kwa kutengeneza batiki. Mteja anaponunua gauni la batiki, kisha rangi yake ikachuja katika ufuaji wa kwanza na kuharibu nguo nyingine zilizomo beseni, hatarudi tena, na jirani zake watapata habari. Kwa hiyo jibu la maswali yetu ndilo linaloamua kama fundi atakuwa na kazi mwakani au hatakuwa nayo. Makala haya yanakusudia kueleza sayansi iliyomo katika batiki, kusimulia yaliyowapata watia rangi wa Afrika Magharibi, na kuonyesha namna shule zetu za sekondari zinavyoweza kuwa msaada wa kweli kwa mafundi walio jirani nazo.

BATIKI NI NINI?

Batiki ni ufundi wa kutia nguo rangi kwa kuzuia. Fundi hachori kwa rangi; huchora kwa kile kinachoikataa rangi. Sehemu anayotaka ibaki nyeupe huifunika kwa nta iliyoyeyushwa, kisha hukitumbukiza kitambaa chote ndani ya maji ya rangi. Rangi huingia mahali pasipo na nta tu. Akitaka rangi ya pili, hufunika tena sehemu nyingine na kutumbukiza tena, akianzia rangi nyepesi na kumalizia iliyokolea. Mwishoni nta huondolewa kwa maji yanayochemka, na nakshi huonekana.

Neno lenyewe latoka kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Huko mafundi huchora kwa kijidude cha shaba chenye mdomo mwembamba kiitwacho canting, na tangu karne ya 19 hutumia pia mihuri ya shaba. Mwaka 2009 shirika la UNESCO liliiingiza batiki ya Indonesia katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu.

Hata hivyo wazo la kuzuia rangi si mali ya taifa moja. Wayoruba wa Nigeria wana nguo yao iitwayo adire. Aina moja ya adire hufanywa kwa kufunga na kushona kitambaa kabla ya kukitia rangi ya nili. Nyingine hufanywa kwa kuchora kwa uji mzito wa wanga wa muhogo, ambao ukikauka huwa ndio kizuizi badala ya nta. Katika mji wa Kano, kaskazini mwa nchi hiyo, mashimo ya kutia nili ya Kofar Mata yametumika kwa karne nyingi.

Biashara nayo imezifunga nchi hizi pamoja kwa namna ambayo wengi hatuifahamu. Waholanzi, waliokuwa wakiitawala Java, walijaribu kuiga batiki kwa mashine. Kiwanda kilichoanzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846, ambacho leo kinaitwa Vlisco, kilikuwa miongoni mwa vilivyofanya kazi hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 nguo hizo zilipata soko kubwa Afrika Magharibi kuliko Java zilikoigwa, na vitenge vivaliwavyo leo Afrika Mashariki ni katika uzao wake.

Hapa Unguja, katika karne ya 19, nguo ya kawaida ilikuwa merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Marekani, pamoja na kaniki iliyotiwa nili mpaka ikakaribia weusi. Kutia rangi, kwa hiyo, si jambo geni kwetu. Hata leo wasukaji wa mikeka huchemsha ukindu katika rangi kabla ya kuusuka. Batiki ya nta ilienea Tanzania katika nusu ya pili ya karne ya 20. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1972, ilikuwa moja ya mahali vijana walipojifunzia ufundi huu. Vilevile Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, limekuwa likiwafundisha wananchi kazi za mikono Tanzania Bara. Siku hizi aghalabu kikundi cha akina mama kinapoundwa, mafunzo ya kwanza huwa mawili: sabuni na batiki.

KAZI YA NTA

Tuanze na fizikia. Nta hufaa kwa sababu mbili. Kwanza, haichanganyiki na maji. Molekuli zake hazina sehemu zenye chaji ziwezazo kushikana na molekuli za maji, na kwa hiyo maji ya rangi huteleza juu yake bila kupenya. Pili, nta huyeyuka katika joto dogo na kuganda upesi. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Sentigredi; nta ya mishumaa, itokanayo na mafuta ya petroli, huyeyuka kwa kawaida kati ya nyuzi 50 na 65, kutegemea aina yake.

Mafundi huzichanganya nta hizi mbili, nao wana sababu. Nta ya nyuki ni laini. Hukunjika pamoja na kitambaa bila kuvunjika. Nta ya mishumaa ni kavu. Kitambaa kikifinyangwa hupasuka, na rangi huingia katika nyufa zake na kuacha mistari myembamba kama mishipa ya jani. Mistari hiyo ndiyo alama maarufu ya batiki. Atakaye mistari mingi huongeza nta ya mishumaa. Asiyeitaka huongeza nta ya nyuki. Hivyo fundi, hata kama hakuwahi kuketi darasani, anapanga sifa za mchanganyiko kwa kubadili viwango vya vilivyomo, na hiyo ni kazi ya mwanasayansi.

Kutokana na jambo hili tunapata sharti muhimu. Maji ya rangi lazima yawe na joto la chini kuliko lile linaloyeyusha nta. Yakizidi, nta hulainika, kingo za nakshi hufifia, na kazi ya siku nzima huharibika. Kwa sababu hiyo rangi zinazohitaji kuchemshwa, kama zile za kutia ukindu, hazifai kwa batiki. Fundi anahitaji rangi inayoshika katika maji ya baridi au ya vuguvugu.

KAZI YA RANGI

Sasa tuingie katika kemia. Uzi wa pamba ni selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli za glukosi zilizoungana. Rangi idumuyo ni ile iliyopata njia ya kubaki ndani ya minyororo hiyo wakati wa kufua. Ziko njia mbili kuu zinazomfaa fundi wa batiki.

Njia ya kwanza ni ya nili. Nili ya kawaida haiyeyuki katika maji hata kidogo. Ukiikoroga hutuama chini kama unga. Lakini ukiiondolea oksijeni kwa kemikali iitwayo sodiamu haidrosulfaiti, ndani ya maji yenye alkali kama kostiki soda, hubadilika kuwa kitu kingine chenye rangi ya manjano-kijani kiyeyukacho vizuri. Katika hali hiyo huingia ndani ya uzi. Kitambaa kitolewapo kwenye maji huwa cha kijani. Kisha, mbele ya macho ya mtazamaji, oksijeni ya hewani huirudisha nili katika hali yake ya awali, na ukijani hugeuka buluu. Rangi imekwisha kunaswa ndani ya uzi, nayo haiyeyuki tena katika maji. Kwa hiyo haitoki. Nilipokuwa masomoni ng'ambo niliwahi kuona wanafunzi wakipiga makofi walipotazama mabadiliko hayo kwa mara ya kwanza. Watia rangi wa Kano na Abeokuta waliyazoea kabla ya maabara zile kujengwa. Wao walipata alkali kutokana na maji ya majivu, na kazi ya kuiondoa oksijeni ilifanywa na vijidudu vya uchachu.

Mwaka 1883 mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer alieleza muundo wa molekuli ya nili, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ilianza kuuza nili iliyotengenezwa kiwandani. Mwaka 1901 René Bohn alivumbua rangi ya kwanza katika jamii ya indanthreni, ambazo hufanya kazi kwa kanuni ile ile ya nili lakini zina rangi nyingi. Hizi ndizo zitumiwazo sana na vikundi vyetu vya batiki, pamoja na kostiki soda na haidrosulfaiti.

Njia ya pili ni ya rangi zinazoungana na selulosi yenyewe kwa kifungo cha kikemia. Ziligunduliwa Uingereza katika kampuni ya ICI na kuanza kuuzwa mwaka 1956. Hazihitaji kostiki soda. Alkali nyepesi kama magadi safi, yaani sodiamu kaboneti, inatosha, na maji ya vuguvugu yanatosha pia. Ubaya wake ni kwamba sehemu ya rangi huungana na maji badala ya kuungana na uzi, na hiyo lazima isuuzwe vizuri ili isichuje baadaye.

RANGI ZA MASHAMBA YA KIDICHI

Sasa tunaweza kuyajibu maswali yetu ya mwanzo. Rangi ya zingefuri huitwa biksini, nayo ni ndugu wa rangi ya karoti. Hupenda mafuta kuliko maji, na mwanga wa jua huvunja viungo vya molekuli yake. Ndiyo maana hufifia. Rangi ya manjano, iitwayo kurkumini, huingia katika pamba kwa urahisi, lakini nayo haivumilii jua. Tena ina tabia ya kuchekesha: ikikutana na alkali hugeuka nyekundu ya kahawia. Mama anayefua kitambaa chenye doa la mchuzi kwa sabuni ya mche huona doa likigeuka wekundu, kumbe yeye amefanya jaribio la kutambua alkali. Akidondoshea ndimu, umanjano hurudi.

Rangi ya hina hushikana na protini. Ngozi, kucha na nywele ni protini, na kwa hiyo hina hukaa humo. Pamba ni selulosi, haina protini. Hina haipati pa kushika. Kwa sababu hiyo hiyo hina hufaa kwa sufi ya kondoo na hariri kuliko kwa pamba.

Magome ya mikoko, hususan mkandaa, yana tanini nyingi itoayo rangi ya kahawia, na ikichanganywa na chuma hukaribia weusi. Tanini hushika pamba vizuri zaidi. Lakini kuuchuna mti gome ni kuuua, na mikoko ndiyo kinga ya fukwe zetu na malezi ya samaki. Haifai kuokoa ufundi mmoja kwa kuangamiza riziki ya wavuvi.

Je, basi, rangi za mimea hazina faida? Zinayo, mradi fundi ajue mipaka yake. Shabu, iuzwayo madukani, ikitiwa katika kitambaa kabla ya rangi, husaidia rangi nyingi za mimea kushika, kwa kuwa aluminiamu iliyomo huwa kama daraja kati ya uzi na rangi. Hata hivyo shabu haiwezi kuifanya manjano ivumilie jua la Unguja. Kitambaa cha manjano chafaa kutundikwa ukutani pasipo jua, wala hakifai kuwa sare ya shule. Muuzaji anayewaambia wateja wake ukweli huo hatapoteza kitu. Asiyewaambia atapoteza jina.

FUNZO KUTOKA ABEOKUTA

Jina huweza kupotea kwa mji mzima, nasi tunao ushahidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji wa Abeokuta ulikuwa kitovu cha adire. Kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa wanawake. Walinunua shuka za pamba zilizotoka Uingereza, wakazitia nili, na wafanyabiashara wakaja kuzinunua kutoka mbali, hata Senegal na Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Katika miaka ya 1920 biashara ilistawi sana.

Kisha zikaingia kostiki soda na nili ya kiwandani. Zilipunguza kazi ya kuchoma majivu na kungoja uchachu kwa siku nyingi. Kazi ya juma moja sasa ilikwisha kwa muda mfupi, na watu wengi zaidi wakaingia katika shughuli. Lakini vipimo havikuja pamoja na kemikali. Yatafakari yale tuliyoyasema juu ya nili: oksijeni isipoondolewa yote, nili haiyeyuki sawasawa; hubaki vumbi juu ya uzi badala ya kuingia ndani, na vumbi hilo hutoka kwa kusuguliwa. Nayo alkali ikizidi, tena isiposuuzwa, hudhoofisha nguo na kuwasha mwili. Wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba nguo zinachuja na kuchanika. Bei za mazao ya kilimo nazo zilikuwa zimeanguka kwa sababu ya mdororo wa uchumi wa dunia ulioanza mwaka 1929, na fedha mikononi mwa watu zilikuwa chache. Soko likaporomoka.

Mwaka 1936 mtawala wa Abeokuta, ajulikanaye kwa cheo cha Alake, alipiga marufuku kostiki soda na rangi za kiwandani. Nia yake ilikuwa kulinda sifa ya nguo za mji wake. Watia rangi hawakukubali. Kwao marufuku hayo yalimaanisha gharama kubwa na siku nyingi za kungoja wakati ambapo mauzo yalikuwa haba. Wakampata wakili, na shauri lao likafika mbele ya tume ya uchunguzi iliyoundwa na serikali ya kikoloni. Biashara yenyewe haikurudi kuwa kama ilivyokuwa.

Tunajifunza nini? Wanawake wale hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu ya vizazi vingi, lakini elimu hiyo ilihusu majivu na uchachu, ambamo kipimo kilikuwa ulimi, pua na jicho. Walipopewa kemikali yenye nguvu mara nyingi kuliko maji ya majivu, hawakupewa mizani wala maelezo. Mfanyabiashara aliwauzia kopo, mtawala akawanyang'anya kopo. Hakuna aliyewafundisha yaliyomo ndani ya kopo. Hapo ndipo ilipokuwa nafasi ya mwalimu wa sayansi, nayo ikabaki tupu.

Lakini ufundi wenyewe haukufa. Msanii Nike Davies-Okundaye alianzisha mwaka 1983, katika mji wa Osogbo, kituo cha kufundishia vijana adire, batiki na sanaa nyingine. Wengi waliopita humo wakawa mafundi wanaojitegemea. Msaada ulioleta matunda ulikuwa msaada wa maarifa, uliotolewa na mtu aliyeijua kazi kwa mikono yake mwenyewe.

HATARI ZA KAZI

Mwalimu akitaka kuwasaidia mafundi, aanze na usalama, maana hapo ndipo penye madhara ya upesi. Kostiki soda hula ngozi na yaweza kupofua macho. Ipimwe kwa mizani, itiwe ndani ya maji polepole. Maji yasimwagwe juu yake kamwe, kwani joto litokalo huweza kuyarusha usoni. Mipira ya mikononi na miwani ni lazima. Ikimwagikia mwili, dawa ni maji mengi ya kutiririka kwa muda mrefu. Siki au ndimu isipakwe juu ya jeraha. Watoto wasiruhusiwe kukaribia, wala kemikali zisiwekwe ndani ya chupa za soda.

Haidrosulfaiti ihifadhiwe mahali pakavu ndani ya chombo kilichofunikwa. Ikipata unyevu huweza kupata joto, hata kuwaka, na kutoa gesi ya salfa inayokaba pumzi. Kazi ifanywe penye hewa. Nta nayo isiyeyushwe juu ya moto moja kwa moja. Sufuria yake iwekwe ndani ya sufuria ya maji, na hivyo joto halitapita nyuzi 100. Nta ikishika moto, ifunikwe kwa mfuniko. Ikimwagiwa maji hulipuka na kusambaza moto.

Kisha yapo maji machafu. Sehemu kubwa ya Unguja ni mawe ya chokaa yatokanayo na matumbawe, ambayo hupitisha maji upesi. Chemchemi za Bububu na Mwanyanya, ambazo mji umezitegemea kwa maji, haziko mbali na Kidichi. Kinachomwagwa juu leo huweza kuchotwa kisimani kesho. Kwa hiyo maji ya alkali yapozwe kwanza kwa kutiwa siki kidogo kidogo mpaka karatasi ya litimasi ionyeshe kwamba makali yamekwisha, wala yasimwagwe karibu na kisima. Nta nayo isitupwe: kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea wakati wa kuchemsha kitambaa, na maji yakipoa huganda juu. Hukusanywa na kutumika tena, na gharama hupungua.

KAZI YA SHULE

Vifaa ambavyo mafundi wengi hawana, shule zinavyo: mizani, kipimajoto, litimasi na vijana wenye udadisi. Napendekeza darasa la kemia lifanye kazi hizi tatu pamoja na kikundi cha batiki cha mtaani.

Kwanza, kupima. Mafundi wengi hupima kwa kijiko, na vijiko havilingani. Rangi ipimwe kwa uzito wa kitambaa. Ikiwa inatakiwa rangi ya asilimia 2, kitambaa cha gramu 600 kitahitaji gramu 12 za rangi. Wanafunzi watengeneze jedwali la uzito wa vitambaa na viwango vya rangi na kemikali, kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji wa rangi hiyo, kisha walibandike ukutani mwa karakana. Hesabu ya asilimia itakuwa imepata kazi, na fundi ataweza kurudia leo rangi ile ile aliyoipata mwezi uliopita.

Pili, kujaribu ufuaji. Kipande cha batiki kishonwe pamoja na kipande cheupe cha pamba, kifuliwe kwa sabuni katika maji ya vuguvugu kwa nusu saa, kisha vikaushwe mbali mbali. Kipande cheupe kikipata rangi, ile batiki haijasuuzwa vya kutosha au rangi haikushika. Jaribio lirudiwe mara tano na matokeo yaandikwe.

Tatu, kujaribu jua. Kipande kingine kifunikwe nusu kwa karatasi nene isiyopitisha mwanga, kianikwe juani kwa majuma mawili, kisha nusu mbili zilinganishwe. Hapo wanafunzi wanaweza kuzishindanisha rangi za dukani na zile za mzingefuri, manjano na mkandaa. Gome la mkandaa litafutwe katika nguzo au kuni zilizokwisha kukatwa, si kwa kuuchuna mti ulio hai.

Matokeo ya majaribio haya yasiishie katika madaftari. Yapelekwe kwa fundi, ajue lipi la kurekebisha, na akiisha kurekebisha awe na la kumwambia mnunuzi. Maneno kama "imefuliwa mara tano bila kuchuja", yakiwa ni ya kweli, yana thamani sokoni.

Faida hii ni kubwa hasa Zanzibar. Katika maduka ya Mji Mkongwe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, batiki ya mkono huuzwa bega kwa bega na nguo zilizopigwa chapa kwa mashine kuiga batiki, nazo ni rahisi zaidi. Mnunuzi hajui tofauti, na fundi hushindwa kwa bei. Lakini tofauti ipo, na yaweza kuonekana kwa kuipindua nguo. Batiki iliyotumbukizwa huwa na rangi karibu sawa pande zote mbili, na mistari yake ya nyufa hairudii mahali pale pale. Chapa hafifu ya mashine huwa imepauka upande wa nyuma, na nakshi zake, pamoja na zile "nyufa", hujirudia kila baada ya kipimo fulani. Atakayejifunza hayo hatadanganyika.

HITIMISHO

Mara nyingi tusemapo kuwasaidia mafundi wa sanaa za jadi, tunafikiria kuwanunulia kazi zao kwa huruma, au kuwaombea wafadhili. Yote mawili yana mahali pake. Lakini huruma hununua nguo moja, na mfadhili huondoka. Yaliyotokea Abeokuta yanatuonyesha kwamba ufundi unaweza kuanguka wakati ambapo wateja wapo na mikono ipo, kwa kukosekana tu maarifa yanayolingana na vifaa vipya. Yanatuonyesha pia kwamba kupiga marufuku hakuyaondoi matatizo ambayo kipimo kingeyaondoa.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule isitengwe na kazi za watu wanaoizunguka. Batiki ni nafasi moja ya kulitimiza hilo bila gharama kubwa. Katika beseni moja mnapatikana kuyeyuka na kuganda, alkali na tindikali, kuongeza na kuondoa oksijeni, asilimia, na afya ya jamii. Mwalimu ambaye wanafunzi wake wamechoka kukariri maana ya kuoksidisha, na awaonyeshe kitambaa kikitoka kijani na kugeuka buluu hewani. Kisha awapeleke kwa mama anayekifanya kila siku, wamsikilize, nao wamchukulie mizani.